Siku za Majani

Bosibori hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Barua ya chuo cha uuguzi ilipofika, Januari ile ya mwaka 1997, aliiweka mezani kando ya kikombe cha bintiye na kusema, "Unaripoti tarehe ishirini. Ukichelewa, nafasi anapewa mwingine."

Marion aliisoma, akaikunja. "Mama, Mwalimu Mkuu ameniahidi kazi."

"Kazi ya kubonyezabonyeza?"

Bosibori alikuwa karani wa shule ya upili karibu na Ikonge, mwaka wa kumi na moja sasa, na stashahada yake ya uhazili ilining'inia ukutani. Miaka miwili nyuma, wafadhili wa kanisa walikuwa wameiletea shule kompyuta. Walimu waliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni, wakaiogopa. Aliyethubutu kuigusa ni Marion peke yake, wakati huo mwanafunzi wa pale. Hata baada ya kumaliza kidato cha nne aliruhusiwa kuitumia saa moja kwa siku, basi programu zake aliziandika nyumbani kwa kalamu, kwenye daftari, kisha akaenda mbio kuzipiga kabla saa yake haijaisha.

Mwalimu Mkuu, Bwana Nyamongo, alimpa mtihani mmoja. Kompyuta itengeneze ratiba ya mwaka, walimu waikubali; akifaulu, ataajiriwa kufundisha kompyuta, na bodi itaombwa imsomeshe Nairobi. Ratiba hiyo ilikuwa kazi ya naibu, Bwana Ratemo, aliyeitolea jasho wiki tatu kila mwaka kwa karatasi ya manila, rula na vifutio.

"Hivi kuandika programu ndiyo nini?" Bosibori aliuliza jioni moja, akichambua maharagwe.

Uso wa Marion ulichangamka. "Ni kama kumtuma dukani mtoto mtiifu sana, asiyejua lolote. Usipomwambia afunge mlango, hafungi. Kila kitu lazima ukiseme. Lakini ukishasema sawasawa, Mama, anakwenda! Anarudi na kitu ulichokuwa nacho kichwani tu." Alicheka peke yake. Kisha akafungua daftari. "Wewe ndiye unayezipiga chapa ratiba za Bwana Ratemo. Masomo ninayo, madarasa ninayo. Kuna kingine anachozingatia?"

Kilikuwepo. Walimu kumi na watatu kati ya kumi na wanane walikuwa na mashamba ya chai. Kila kituo cha kupimia majani kilikuwa na siku yake, alasiri, na jani halimsubiri mtu: likilala hunyauka, na karani wa mizani hulitupa mbele ya macho yako. Ratemo hakuandika jambo hilo popote, ila hakuna mwalimu mwenye chai aliyewahi kupangiwa somo alasiri ya siku yake. Bosibori alizijua siku hizo zote, jina kwa jina.

Akawaza sare nyeupe, kazi ya serikali, pensheni. Akaiwaza ile mashine chini ya kitambaa; ikiharibika kesho, nani Nyamira nzima ataitengeneza?

"Hakuna kingine," alisema. "Nipe sufuria."

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, ratiba ilibandikwa chumba cha walimu. Mwanzoni waliitazama kwa mshangao. Hakuna darasa lililogongana na jingine. Kisha mwalimu wa kemia akasogea karibu.

"Jumanne saa nane? Mimi? Na majani yangu apeleke nani, mbuzi?"

"Hata mimi Alhamisi!"

"Hii mashine haina shamba, jamani."

"Itapata wapi shamba, na haijaoa!"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Ratemo hakucheka. Alifungua mkoba na kutoa manila iliyoviringishwa, tayari tangu Desemba.

"Nipeni siku moja tu," Marion alisema. "Nitaiambia tu siku zenu, mimi sikuambiwa—"

"Wanafunzi wanaingia kesho, binti," Nyamongo alimjibu kwa upole, akibandua ratiba ya Marion ukutani. "Kompyuta bado haijatuelewa sisi."

Bosibori alikuwa mlangoni na faili zake. Aliipokea manila ya Ratemo, akaenda kuipiga chapa.

Nyumbani, Marion aliandika kidogo kwenye daftari, akaliweka mezani. "Mistari minne."

"Ya nini?"

"Siku za majani. Mistari minne tu ingetosha." Alimtazama mama yake. "Ratiba zote zimepita mikononi mwako."

"Uuguzi ni kazi, Marion."

"Sikusema si kazi."

Tarehe ishirini aliripoti. Daftari aliliacha pale pale mezani, na Bosibori, ambaye huwashia moto karatasi yoyote isiyo na mwenyewe, hakuligusa.

Likizo ya Agosti Marion alirudi, amenenepa kidogo, viatu vyeupe mkobani. Bosibori alimpikia ugali wa wimbi na kuku. Alimwambia kompyuta imerudishiwa kitambaa chake, akangoja. Marion aliendelea kula.

"Chuo kinaendeleaje?"

"Vizuri."

"Mnafundishwa vyema?"

"Ndiyo."

"Na marafiki umepata?"

"Nimepata."

Bosibori aliendelea kuuliza, na bintiye aliendelea kujibu, kila swali jibu lake, bila kuongeza hata neno moja.