Uzito wa Ndugu Verl

Jumanne saa mbili asubuhi, Verl Thorup alifuta mizani kwa kitambaa, akahakikisha inasoma sifuri, akapima ganda jipya la injini ya kombora. La wiki iliyopita lilikuwa na ratili mia na kumi. Hili, la alumini iliyochanganywa na nyuzi za kauri, lilitoka na tisini. Verl akatia sahihi kwenye fomu, na sakafu ikabonyea kidogo chini ya viatu vyake.

Kila ratili iliyopunguzwa kwenye ganda ilimwingia aliyetia sahihi, na kwa miaka minne alikuwa yeye. Mwili wenyewe ulibaki mwembamba vilevile. Ila viti vya kanisani alishavunja vitatu.

"Ndugu Verl, wewe unanenepa bila kunenepa," alimtania Dada LaRue, msimamizi wake kiwandani na mwalimu wake wa Jumapili.

"Jumamosi Kaylynn anaolewa," Verl alisema. "Nimemwahidi binti yangu tutacheza, na miguu hainyanyuki. Inaniuma, Dada."

LaRue akafikiri. "Lile ganda la majaribio bado liko darini?"

Lilikuwepo. Mwezi uliopita lilisoma chini ya sifuri, likapaa, na tangu hapo lilikuwa limefungwa kamba kwenye boriti.

Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa, chini ya goli la mpira wa kikapu lililopambwa maua, ganda lilielea juu ya Verl likiwa limefungwa kwenye mkanda wake. Wageni waliinama lisiwagonge, wakaendelea na viazi vyao vya jibini.

"Baba, unanikanyaga," Kaylynn alisema.

"Nakuumiza?"

"Wapi! Kama paka tu."

Verl alicheka mpaka machozi yakamtoka. Walicheza nyimbo tatu, na ya nne wakaomba irudiwe.

Jumatatu ganda lilirudi darini, na Verl akarudia uzito wake. LaRue alileta donati na habari: wateja wamefurahi, wanataka mengine mia nne, mepesi zaidi.

"Kombora sasa linafika wapi?" Verl aliuliza.

"Mara mbili ya umbali wa zamani."

"Na kule linakoangukia, watu wanaliona jepesi?"

LaRue aliigeuza fomu, akaangalia na nyuma. "Hapa hawajaweka nafasi ya hilo, Ndugu Verl."

Kweli haikuwepo. Verl alichagua donati ya sukari, akafuta mizani, akapima. Themanini na nne. Akatia sahihi, na sakafu ikabonyea.