Haloo, Haloo, Moja Mbili

Katika ofisi ya chama cha washonaji, kompyuta ilitoa sauti ya kaka yake: "Haloo, haloo, moja mbili." Basi.

"Funga hiyo, fungua nyingine," Bibi Kanuni alimwambia kaka yake.

"Hakuna nyingine, dada. Imebaki hiyo tu."

Wiki nzima kaka yake, katibu wa chama, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akiwarekodi walionusurika kiwanda kilipoungua milango ikiwa imefungwa kwa nje. Wenye kiwanda waliapa mbele ya tume ya uchunguzi kwamba milango ilikuwa wazi. Waliapa hivyo hivyo ghala lao lilipoungua enzi za baba zao, wakaaminiwa. Safari hii jibu lilikuwa sauti zile.

Kinasa chenyewe cha kizamani: kila rekodi kinaipa jina lile lile. Haikuwahi kuwa shida. Amri ya kunakili rekodi kwenye kompyuta, ile unayoiandika kwenye skrini nyeusi, ilikuwa na adabu zake tangu zamani. Ikikuta jina limeshachukuliwa, rekodi mpya inaiweka pembeni na kuipa namba. Ndipo kinasa kinafutwa, kazi inaendelea.

Viwango vya kimataifa vya programu havikutambua adabu hiyo. Jina likiwepo, vilisema, cha zamani kifutwe, kipya kikae, bila kuuliza. Na aliyevipigania, akawaita waandishi wenzake wa programu wakaidi mpaka wakambandika jina la Bibi Kanuni, ni yeye. Toleo jipya la amri hiyo lilitoka mikononi mwake. Mezani kwa mama yao, yeye ndiye aliyemcheka kaka: "Sasisha hiyo kompyuta, we mzee! Unaishi na mizimu?"

Kaka akasasisha. Tangu hapo kila shahidi alimfuta aliyemtangulia, na asubuhi hii, betri ilipobadilishwa, jaribio lile la haloo likamfuta wa mwisho.

"Tutawarekodi upya," alisema Bibi Kanuni. "Wote. Nitazunguka nawe."

"Shangazi Vifungo tumemzika jana."

Mshona vifungo yule ndiye peke yake aliyemwona msimamizi akizungusha ufunguo.

"Lakini maelezo ya toleo yalisema wazi kwamba..."

"Malizia, mtaalamu. Kumbe marehemu alitakiwa asome maelezo!"

Alivuta kiti, na kaka yake akimtazama, akairudishia amri tabia yake ya zamani. Anayetaka kiwango, aandike neno la kukiomba. Wenzake watamcheka. Wacheke. Akanakili ile haloo mara mbili. Zikakaa mbili, ubavu kwa ubavu. Kazi rahisi hivyo!

Kaka akamtia kinasa mkononi.

"Wengine nitawafuata mimi," alisema. "Binti wa Shangazi anasubiri sauti ya mama yake. Nilimwahidi. Kwake utakwenda wewe."