Mbegu Kinywani mwa Mkwe

Jumatatu, tarehe nne Machi. Asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi na upepo wa kutosha kuanika nguo. Bi Mkubwa alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya jikoni, akahesabu mbegu mia mbili za hoho nyekundu, zile tamu ambazo watu huzila mbichi kama tunda, na ambazo zikichomwa na kumenywa hukaa kwenye chupa za siki mwaka mzima bila kulegea. Aliziombea kwa dakika tano. Kisha akamwita mkwewe, mjane wa mwanawe, akamwambia afungue kinywa.

Wakulima wengine waliloweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu. Bi Mkubwa aliona hayo ni mambo ya wavivu, kwa sababu maji hupoa. Kinywa hakipoi. Mbegu zilikaa mashavuni mwa mkwe siku tatu, usiku na mchana, naye alikunywa uji mwepesi kwa mrija. Sharti lilikuwa moja tu: asiseme. Akisema, hewa ingeingia na mbegu zingeharibika. Msimu uliopita alikohoa, mbegu kumi na moja zikaruka sakafuni. Nyumba na shamba vilikuwa vya Bi Mkubwa, kwa hiyo mkwe na binti yake walilala barazani siku kumi na moja.

"Amina," alisema Bi Mkubwa kwa niaba ya mkwewe.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, simu iliita. Alikuwa karani wa chuo cha uuguzi. Binti alikuwa amechaguliwa. Alikuwa akiisubiri simu hiyo tangu mwaka uliotangulia, na viatu vyeupe alikuwa ameshanunua. Karani alitaka kumsikia mzazi mwenyewe akikubali, maana ndio utaratibu, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Binti akampa mama yake simu. Karani akasema halo mara nne. Mama akaweka kiganja chini ya kidevu ili ateme.

"Tema," alisema Bi Mkubwa, akiendelea kujaza udongo kwenye trei za miche. "Ila safari hii si barazani. Ni barabarani, wewe na huyo muuguzi wako."

Kiganja kikabaki chini ya kidevu. Karani akasema halo mara ya tano, akakata, akampigia mwingine.

Alhamisi mbegu zilitolewa, zikasiwa, zikaota zote mia mbili. Mkwe alipopewa ruhusa ya kusema, alichukua ndoo ya maji. Alimwagilia miche, akaihamishia shambani, akaifungia vijiti ilipoelemewa na matunda. Viatu vyeupe binti alivivaa wakati wa kupalilia.

Hoho za kwanza zilichumwa mwezi wa sita, zingali za kijani. Zilipokatwa zilisema "Mwanangu a", zikanyamaza, kwa kuwa hazijakomaa. Nyekundu zilisema yote. Kisu kikiingia tu, sauti ya mkwe ilitoka ndani, taratibu, na adabu ya mtu anayeongea na ofisi: "Mwanangu anakuja. Tafadhali mshikieni nafasi."

Sokoni watu walisema ni tamu kuliko za mwaka jana. Muuza mboga mmoja aliwashauri wateja wazikatie karibu na redio. Za chupa zilikuwa na sauti ya mafua kwa sababu ya siki, na ilibidi kuzisubiri zimalize ndipo ziwekwe kwenye mkate.

Kreti tatu zilinunuliwa na jiko la chuo cha uuguzi. Mpishi alimwita karani, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la ofisi yake. Karani alisikiliza hoho sita kwa makini, akaenda kufungua daftari, akarudi kuziambia kwamba nafasi zilijaa tangu Machi. Kisha akala mbili, akazisifu.

Jumapili ya tatu ya Agosti, wanawake saba wa kikundi cha sala walikuwa wamekaa jikoni kwa Bi Mkubwa alipofika mnunuzi mwenye maduka. Alitaka kununua mavuno yote ya msimu ujao. Tatizo lake lilikuwa moja: wateja wake hupenda kula kwa utulivu. Bi Mkubwa akakata hoho moja mezani. Ilipoanza kusema, wanawake wa sala waliinamisha vichwa mpaka ikamaliza, kama wafanyavyo kwa ombi lolote, na mmoja wao akaitikia amina.

Bi Mkubwa alieleza kwamba kosa si la mbegu. Mkwewe alikuwa na maneno mengi yaliyolala. Akamwita mjukuu wake na kumwuliza kama bado anataka chuo.

"Hapana, bibi," alisema binti. Mikono yake ilinuka siki.

Bi Mkubwa akamshika kidevu, akamfungua kinywa, akamgeuzia mnunuzi, kisha wanawake wa sala, mmoja baada ya mwingine, wakachungulia. Mkwe, ambaye kinywa chake siku hiyo kilikuwa kitupu, aliendelea kumenya hoho kwenye beseni.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote naahidi," alisema Bi Mkubwa. "Msimu ujao mbegu atashika huyu, na kila msimu mpaka nife. Humu hamna neno hata moja. Mtakula kwa amani."