Ndege ya Upande Mmoja

Mchoraji hakumwogopa mtu yeyote duniani isipokuwa mama mkwe wake, na balaa ni kwamba mama mkwe huyo alikuwa msomaji mwaminifu kuliko wote wa jarida alilofanyia kazi.

Ukurasa wake uliitwa "Kweli au Kubuni". Kila mwezi alichora ndege nne. Tatu zilikuwa za kweli, miradi ya zamani ambayo wahandisi waliikalia vikao, wakaijenga au wakaishia kuichora tu, kisha watu wakaisahau. Ya nne aliitunga mwenyewe. Kazi ya msomaji ilikuwa kuitambua hiyo ya kutunga na kutuma jibu kwa simu. Ungekuwa mchezo mtamu, kama wasomaji wasingekuwa wanamnasa kila mwezi bila hata kutoka jasho.

Mama mkwe hakujisumbua kutuma ujumbe. Alipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni ya tatu."

"Habari za huko, mama?"

"Nzuri. Ya tatu, siyo?"

Ilikuwa ya tatu. Mchoraji aliuma mdomo, akamwuliza kwa heshima zote amejuaje.

Mama huyu alikuwa mkaguzi wa forodha mpaka alipostaafu. Maisha yake yote alisimama mbele ya mabegi ya watu wanaoapa kuwa hawana kitu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ndege yako imenyooka mno. Mwenye mzigo halali huja amechoka, karatasi zimekunjamana, kagombana na kila mtu njiani. Mwenye magendo ndiye anayekuja amepiga pasi. Ndege ya kweli imegombaniwa. Mmoja kataka injini kubwa, mwingine kataka bei ndogo, wa tatu kataka rubani aone mbele. Hii yako nani kaigombania? Halafu huyo rubani anaingilia wapi? Mbona sioni mlango?"

Mchoraji akautazama mchoro wake. Kweli, mlango haukuwepo. Rubani wa ndege ile labda alizaliwa humo humo. Mke wake, aliyekuwa akisikiliza yote, ilibidi aende kumalizia kicheko jikoni.

Siku chache baadaye mhariri mkuu, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa na tabia ya kutafuna vifuniko vya kalamu, alimwita ofisini.

"Fumbo linalofumbuliwa na kila mtu si fumbo, ni tangazo," alisema. "Nakupa toleo moja tena. Wengi wakikosa, ukurasa unabaki. Wakipata, nafasi yako naweka nyota."

"Nyota za angani?"

"Nyota za bahati. Ng'e, Mizani na wenzao."

Mchoraji alitoka humo akipiga hesabu. Asingemwaga unga, la hasha. Kazi nyingine alikuwa nayo pale pale jaridani, ya kuchora meno kwa ajili ya matangazo ya dawa ya mswaki. Lakini ukurasa wa ndege ulikuwa kipenzi chake, na kuupoteza kwa ajili ya Ng'e kulimchoma.

Akapiga moyo konde. Kwanza alichagua tatu za kweli, zile ambazo ukimsimulia mtu atakuuliza umelala vizuri. Moja ilikuwa na mabawa tisa, ikajaribu kuruka juu ya ziwa na kuishia kuanguka humo. Ya pili ilikuwa na bawa la mviringo, sinia tupu. Ya tatu ilikuwa kindege kisicho na magurudumu, kilichobebwa tumboni mwa ndege kubwa. Alizikagua vitabuni mara tatu tatu, asije akamsingizia mtu.

Kisha akaja kwenye uongo wake. Safari hii aliamua kugombana. Akajigawa watu watatu pale mezani karibu na dirisha la sebuleni. Mmoja alisema hii ni ndege ya upelelezi, basi rubani aone vizuri. Wa pili akajibu kwamba injini iliyo mbele inamziba. Wa tatu akauliza, kwani ni lazima rubani akae nyuma ya injini? Mhamishe! Akamtoa, akamweka pembeni juu ya bawa la kulia, kwenye kibanda chake cha vioo, injini ikabaki peke yake upande wa pili. Kisha mlinzi wa nyuma, mwenye bunduki, akalalamika kwamba mkia unamziba. Mchoraji akaufuta mkia wa upande ule, ukabaki wa kushoto tu.

"Hii nayo imepatwa na nini?" mke wake aliuliza akipita na nguo za kuanika.

"Imegombaniwa," alijibu, na akachora mlango.

Toleo likatoka, na majibu yakamiminika. Karibu wasomaji wote waliiangukia ya mabawa tisa. Wengine walimkemea kwa kuwafanya watoto. Ndege ya upande mmoja hakuna aliyeigusa. Mhariri mkuu alimpa mkono mbele ya watu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mchoraji akarudi nyumbani kichwa kimevimba, anapiga mluzi.

Simu ikaita.

"Shikamoo mama. Safari hii ni ipi?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Hakuna."

"Hakuna nini, mama?"

"Hakuna ya uongo. Nimezipekua zote nne. Jumamosi nakuja."

Alikuja na kitabu kinene cha maktaba, cha ndege za vita. Aliweka mkoba chini, akakifungua mahali alipotia kijiti, akamsogezea. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, na ndani yake ndege. Kibanda cha vioo juu ya bawa la kulia. Injini peke yake. Mkia wa kushoto tu. Maelezo yalisema ilijengwa, ikaruka, tena vizuri, miaka mingi kabla mchoraji hajazaliwa.

Mchoraji aliyasoma mara mbili. Aliona aibu kwanza, aibu ya kuwaka masikio. Zile za kweli alizikagua mara tatu, lakini nani hukagua uongo wake mwenyewe? Halafu, kabla aibu haijaisha, ikamjia furaha ambayo hakuitegemea. Kumbe kuna mtu aliwahi kukaa mezani na penseli, akagombana na rubani yule yule, akamhamisha vile vile, naye hakuwa akidanganya. Alitamani amjue mtu huyo.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza hatimaye.

"Mimi na wewe."

"Sasa mama, tukinyamaza..."

"Forodhani," alisema mama mkwe taratibu, "kabla hatujafungua begi, tulikuwa tunampa mtu nafasi ya kutangaza mwenyewe."

Jumatatu mchoraji alitangaza. Alisimama mbele ya meza ya mhariri mkuu, akaufungua moyo wake na kitabu, akasubiri nyota zimwangukie. Mhariri mkuu aliitazama picha, akautazama mchoro, akatoa kifuniko mdomoni.

"Kwa hiyo wasomaji wamekosa, na wewe umekosa?"

"Wote. Isipokuwa mmoja."

"Nani?"

"Mama mkwe."

Mhariri mkuu alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. Kisha akaacha kucheka ghafla, akaomba namba ya mama huyo, akatoka kupiga simu; aliporudi, mchoraji akajua hukumu imefika. Yote yachapishwe, alisema, kosa pamoja na picha. Na ukurasa utabaki, kwa sharti moja. Hatapitisha tena ndege ya kubuni ambayo haijakaguliwa, na mkaguzi ameshampata, ameshampigia simu, amekubali kabla sentensi haijaisha.

Jumamosi iliyofuata kengele ya mlango ililia mapema, mchoraji akiwa bado na bukta ya kulalia. Mama mkwe aliingia na miwani miwili na mto wake wa kukalia, akavuta kiti mpaka kwenye meza ya dirishani, akajipanga kama mtu aliyerudi kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, mwanangu, nionyeshe uongo wako."