Kumi Juu ya Kumi

Baba yangu aligonga nguzo ya lango la depo kwa mara ya tatu siku ya Jumatatu, na safari hii kioo cha pembeni kilianguka. Lori lilikuwa tupu, lango lilikuwa wazi, jua lilikuwa mgongoni kwetu. Hatukuwa na cha kusingizia.

Muhindo, mwenye lori na mwenye unga tuliokuwa tukiubeba, alitoka ofisini polepole. Ni mtu wa Butembo, hapigi kelele. Aliokota kioo kilichopasuka, akakiangalia, akakiweka juu ya gunia.

"Muzee Donat, mimi niko nakuheshimu," alisema. "Lakini nguzo haitembei. Nenda upime macho, uniletee karatasi. Ukileta, ufunguo uko hapa."

Akautundika ufunguo kwenye msumari.

"Sawa, patron," baba alijibu.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Kabla ya malori, baba alikuwa ameendesha treni miaka ishirini na sita. Mtu aliyeshusha mabehewa ya shaba katika mvua ya Januari, leo anapimwa kwa ajili ya nguzo? Nilitaka kusema, baba akanishika mkono.

Nilikuwa convoyeur wake, yaani utingo, kwa mwezi mmoja tu, tangu Mulenga aliyekuwa na kazi hiyo aliporudi kwao Kasenga kulima. Lori letu lilitoka Zambia, usukani wake uko kulia, wakati barabara zetu zinataka usukani wa kushoto. Kwa hiyo anayekaa kiti cha kushoto ndiye huona yale ambayo jicho la dereva haliyafikii, na kazi yake ni kuyataja. Mulenga alikuwa akipayuka njia nzima: "Pikipiki kushoto! Mama na beseni! Pita, papa, pita!" Na baba alikuwa akirudia kila neno. Mimi nilipokaa pale, nilinyamaza. Niliona ni kumkosea heshima kumwambia baba yangu njia.

Jumanne tulikwenda mjini sisi watatu, maana mama hakukubali kubaki nyumbani Makomeno. Duka la kwanza la miwani lilikuwa chumba kimoja chenye kiti kimoja. Mama alikaa nje kwenye ngazi, mimi nikasimama mlangoni. Mpimaji alikuwa msichana mwembamba aitwaye Syntiche. Alimziba baba jicho la kulia, akamwonyesha herufi ukutani.

"Papa, unaona nini?"

"Ile ya juu, E."

"Na hii ya chini?"

"Ngoja."

Tulingoja. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Hakuna aliyemwambia. Syntiche akanyoosha mkono upande wa kushoto, akachezesha vidole.

"Mukono yangu iko wapi, papa?"

"Ni juu ya meza."

Haukuwa juu ya meza. Syntiche akaandika: kulia tisa juu ya kumi, kushoto tatu.

"Papa, hapa miwani haitasaidia. Mimi napima kusoma tu. Nyuma ya jicho, mimi siwezi kuona. Muende ku hôpital, kwa docteur wa macho. Musikawie."

Damu ilinipanda. "Dada, unauzisha miwani, na unasema miwani haisaidie? Iko biashara ya namna gani hii?"

"Kaka, kama nilitaka kuuzisha, ningemuvalisha papa ile ya dhahabu, na angetoka hapa anacheka."

"Vioo umejaza duka nzima, lakini macho hauna!"

"Njo vile," alikubali kwa uchovu. Inaonekana wateja wengi walikwisha kumwambia hivyo. Alikunja barua ya daktari, akanipa mimi. Niliisukuma ndani ya mfuko wa nyuma wa suruali bila kuisoma.

Jumatano niliwapeleka kwa Vital, muuza miwani mwingine. Duka lake lilikuwa kubwa, lenye ubaridi wa mashine, na hapo hapakuwa na haja ya mtu kubaki nje. Mama alisimama kushoto kwa baba, amemshikia kofia. Mama yangu Constance alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la parokia, na mpaka leo hawezi kuona herufi akafunga mdomo. Ataisoma chupa ya mafuta, atalisoma bango la ukutani, midomo ikienda, sauti ndogo kama ya rozari. Tumezoea, hatuisikii tena.

Vital alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, akiongea na mtu juu ya kontena. Alielekeza fimbo kwenye herufi, baba akajibu. Mstari wa juu, wa kati, wa chini kabisa. Jicho la kulia, jicho la kushoto. Hakukosea hata moja. Sauti yake ilitoka kavu na ya haraka, na nilijivuna kuisikia, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nikiisikia utotoni aliponipandisha treni yake kituoni.

"Dix sur dix, kumi juu ya kumi, pande zote!" Vital alisema, akagonga muhuri. "Papa, wewe utatuzika siye wote."

"Mungu iko muzuri," mama alisema.

"Syntiche aje aone," nikasema mimi.

Alhamisi asubuhi Muhindo alisoma karatasi, akaisoma tena, akautoa ufunguo msumarini. Tukapakia magunia, tukashika barabara ya Luano. Nilikuwa na furaha, ile furaha ya mtu aliyeshinda ugomvi. Nikaamua kumchekesha baba kwa kumwiga Mulenga.

"Pikipiki kushoto!"

"Pikipiki kushoto," baba alijibu.

"Mama na beseni!"

"Mama na beseni."

Ilikuwa sauti ya jana, kavu na ya haraka. Nilimtazama. Kichwa chake hakikugeuka. Macho yake hayakugeuka. Mama mwenye beseni, aliyekuwa akivuka, alipita karibu sana na mlango wangu, nikaona ukingo wa beseni lake ukiyumba kwa upepo wetu, na baba hakupeleka jicho hata kidogo. Nilikumbuka midomo ya mama ikienda.

Mbele yetu barabara ilikuwa tupu. Majani makavu tu, na vumbi jekundu.

"Mbuzi kushoto," nikasema.

"Mbuzi kushoto," baba alirudia, akapunguza mwendo. Alikanyaga breki taratibu, kwa uangalifu wa dereva mzuri, akamwachia njia mbuzi ambaye hakuwepo.

"Ameshapita?" aliuliza.

"Papa, simama."

Alisimamisha lori pembeni, akazima injini. Magunia yalitulia nyuma yetu.

"Mbuzi haikuwa pale," nilisema.

Aliacha mikono yote miwili juu ya usukani.

"Tangu Mulenga alienda," alisema, "upande ule uko kama nyumba yenye bamefunga dirisha. Labda hata kabla aende. Lakini Mulenga alikuwa anasema, na mimi nilikuwa naona."

"Na jana? Ulijua mama anakusomea?"

"Hapana, mwanangu. Kweli ya Mungu. Ku locomotive, aide, musaidizi wa dereva, anaita signal, dereva anarudia kwa nguvu. Aide anaita, unarudia. Miaka ishirini na sita. Inafika wakati haujue tena kama ni jicho njo iliona ao ni sikio." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Kisha yule bwana alisema dix sur dix. Nikawaza: pengine mimi njo nilijidanganya. Karatasi iko na tampon, ile muhuri."

Nilitaka kumkasirikia mtu. Nilimtafuta Vital na simu yake, nikamtafuta mama, na kila mara niliishia kwangu. Duka la kwanza lilituambia kweli bila kutuuzia kitu, nikalitukana. La pili lilitupa tulichotaka, nikaliamini. Na mwezi mzima nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, mdomo umefungwa, nikiita kimya changu heshima.

Sikutaka aendeshe tena hata mita moja. Nilimpigia Muhindo. Alikuja baada ya saa nzima, amepakiwa nyuma ya pikipiki, pamoja na dereva mwingine. Baba alishuka, akazunguka lori akishikilia bodi kwa mkono, akampa Muhindo ufunguo yeye mwenyewe.

Muhindo alitoa karatasi mfukoni. "Na hii, Muzee? Si uliniletea kumi juu ya kumi?"

"Ni ya macho ya bibi yangu, patron."

Nilipomweleza, Muhindo alicheka kidogo, cheko lisilokuwa na raha. "Basi ningemupa mama Constance kazi." Kisha akaacha kucheka. Hakuahidi kitu. Alimshika baba bega, akapanda lori, nalo likaondoka na unga wetu.

Niliichomoa barua ya Syntiche kutoka mfuko wa nyuma. Nilikuwa nimeikalia siku mbili, mikunjo yake imelainika kama kitambaa. Mwandiko ulikuwa wazi: "Jicho la kushoto halioni pembeni. La kulia pia litazamwe, kabla halijafuata. Tafadhali, haraka."

"Inasema nini?" baba aliuliza.

"Inasema twende leo."

"Mbali?"

"Tutatembea mpaka ku arrêt, kule taxi zinasimama."

Akatikisa kichwa kukubali. Alionekana mzee kuliko asubuhi, lakini pia kama mtu aliyetua mzigo.

"Pita kushoto yangu," alisema.

Nikapita kushoto kwake. Jua lilikuwa kali, na ukingo wa barabara umeliwa na mvua za mwaka jana.

"Shimo," nikasema.

"Shimo," akajibu.

"Jiwe."

"Jiwe."