Mwanya Chini ya Kigezo

Kaka alikubali shingo upande. Dishi la rada la uwanja wa ndege lingeundwa kwa umbo alilobuni dada yake. Likikataliwa, karakana ingerudi moja kwa moja kwenye umbo la marehemu baba yao, na dada angerudi kupaka rangi.

Umbo la baba liliona mbele kuliko jingine lolote. Lakini dishi hili lilikaa palepale. Kilichocheza ni pembe, mdomo wa bati wa kurushia mawimbi uliosimama mbele yake, ikisogea kushoto na kulia kupekua anga. Pembe ikienda kando, umbo la baba liliyatawanya mawimbi. Kwa hiyo dada alizikunja kingo ndani kidogo zaidi, akapoteza ukali kiasi mbele apate unafuu pembeni. Kaka aliliita sufuria iliyodondoka. Dada alicheka naye, maana majaribio yalikuwa yametoka salama.

Siku ya mkaguzi, picha ya mbele ilitokea kali ajabu, dada akaisogelea skrini. Dishi lake halikuwa na ukali huo. Pembe iliposogezwa kando, nukta kwenye skrini ikafumuka kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Mkaguzi aliuliza kwa upole umbo lilikuwa la nani.

"La huyu mdogo wangu," kaka akasema. "Anajitahidi."

Mkaguzi alipolikataa dishi na kuondoka, dada alizunguka nyuma ya dishi. Mbavu za chuma zilizoshikilia bati zilikuwa zimesagwa upande wa kingo, na ribiti zilikuwa mpya. Kigezo cha mbao cha baba, kilichochongwa kufuata umbo lake na kutundikwa ukutani tangu mazishi, kilikuwa na vumbi la chuma.

Kaka hakukana. Asubuhi ile, kabla mkaguzi hajafika, alikipachika kigezo ndani ya dishi, kikakaa kwenye kingo, katikati pakabaki mwanya wa kupitisha kidole. Akadhani dada amekosea vipimo, akasaga mpaka kikalala sawasawa.

"Mwanya ule ndio kazi yenyewe, kaka."

"Nilikuwa nakusitiri. Ningekuacha uaibike mbele ya watu?" Aliongea kama mtu anayengoja shukrani.

Dada alimwomba ampigie mkaguzi, amweleze. Kaka akauliza wamwambie nini, kwamba humu ndani wanaharibiana kazi? Makopo ya rangi alishayasogeza karibu na meza ya dada.

Wakalishika dishi, huku na huku, kulitoa nje.

"Inua upande wako," kaka akasema. "Unashusha."

Hakuwa ameshusha. Akainua.