Mji Unaoitwa Kobe

Jumapili moja, kabla ya chai, Mzee Mwishehe alibadilisha ratiba ya safari yake kwa mara ya sita. Raudha, binti yake, alimkuta kasimama ukumbini, karatasi mkononi na kalamu kaichomeka sikioni kama seremala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hapa kwenye Kobe, toa. Weka Nara."

"Si tuliihamisha juzi? Ilikuwa siku ya pili, ukasema niipeleke siku ya kumi."

"Basi itoe na huko."

Alimpa karatasi, akatoka barazani, akarudi, akatoka tena. Tangu alipostaafu mwezi wa sita hakuwa akikaa. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa juu ya kreni bandarini, peke yake kwenye kibanda cha vioo, akinyanyua makontena na kuyashusha, na nyumbani wote walijua ni mtu mtulivu. Sasa alikuwa akiuzunguka ua wao wa Mtoni Kijichi mpaka kuku wamemzoea, hawamkimbii.

Wenzake waliostaafu pamoja naye walinunua bajaji, wengine wakafungua maduka. Yeye alijenga vyumba viwili vya kupangisha, kisha akatangaza kwamba kilichobaki kwenye kiinua mgongo atakwendea Japani. Alishawahi kufika mara moja, mwaka 1994, alipopelekwa mafunzo ya kreni kubwa kwa miezi mitatu katika mji wa Kobe. Mkewe, Bi Tabu, hakumkatalia, ila alicheka siku nzima.

"Mtu anapanda ndege mbili kufuata mji unaitwa kobe," alisema. "Kobe si angewaona hapo Unguja tu, kwa nauli ya boti."

Hela ilitosha mtu mmoja, na kwa sharti la kubana kila kitu. Kazi ya kubana ikamwangukia Raudha. Alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha Kurasini, amezoea fomu na tarehe, na miezi mitatu sasa kila akimaliza kazi alikuwa akiingia mtandaoni kutafuta bei za Japani. Alishajua kwamba basi la usiku ni rahisi kuliko treni ya mwendokasi, tena linakuokolea malazi ya usiku mmoja. Alishajua hosteli gani wanapanga vitanda vya juu na chini na zipi zina jiko la wageni. Alishajua kwamba katika maduka madogo ya kule kuna tonge la wali lililoviringishwa mwani, ndani wametia samaki, na kwamba mzee wake anaweza kuishi kwa matonge hayo siku kumi na nne bila kugusa nguruwe. Siku zile kumi na nne alikuwa kazigawa Osaka, Kobe, Kyoto, Hiroshima, Nagoya na Tokyo.

Lakini kila alipopata mpango uliokaa, baba yake aliuvuruga, na kila mara palipovurugika ni Kobe. Ilianza ya mwisho, ikawa ya pili, ikawa ya kumi, sasa haimo kabisa. Ubalozini walikuwa wanataka jedwali la siku kwa siku, utalala wapi na utafanya nini, na miadi ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili yake.

Jioni ile alimwonyesha ramani kwenye simu.

"Ona baba, hata ukiitoa utaipita. Treni ya kutoka Osaka kwenda Hiroshima inapita hapo hapo katikati."

Mzee aliinama akatazama kidole cha binti yake, kisha akauliza polepole, "Na hilo basi la usiku, linapita wapi?"

"Hukohuko. Ila usiku utakuwa umelala."

"Niwekee la usiku."

Raudha akaandika. Kwanza alikasirika. Alimwona mzee kama mteja msumbufu, wale wanaobadilisha maelezo ya mzigo meli ikiwa imeshafunga gati. Baadaye, kitandani, hasira ikageuka ikawa wasiwasi. Mzee akisema Japani anamaanisha Kobe, maana Japani nyingine hakuiona. Sasa kwa nini alipe hela yote ile aende kupita karibu na mji huo akiwa amefumba macho?

Jumamosi alikwenda Kibamba kwa Mzee Ferdinand, mtu wa Bukoba aliyekwenda mafunzo yale pamoja na baba yake. Alimkuta akichota maji kwenye tangi kunyweshea miche ya migomba. Walipomaliza kuamkiana, Raudha akamweleza shida yake, na Ferdinand akaweka ndoo chini.

"Hajakwambia habari ya Mama Okada?"

"Ndiyo kwanza nalisikia jina."

"Hebu kaa."

Akasimulia. Kule Kobe wanafunzi hawakuwekwa hotelini, walipangwa kwenye nyumba za watu. Ferdinand alipewa familia ya mwalimu mmoja. Mwishehe akapewa mama mjane, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, anayeishi kwenye nyumba ya mbao katika mtaa wa viwanda vya viatu. Yule mama hakuwa na mtoto. Alimpikia samaki kila siku alipojua hali nguruwe, na walipoondoka mwezi wa kumi na mbili alilia hadharani, kitu ambacho Wajapani wa umri wake hawakuwa wakikifanya ovyo.

"Mwezi uliofuata likapiga tetemeko," Ferdinand alisema. "Tarehe kumi na saba, mwezi wa kwanza, tisini na tano. Sie tuliona kwenye gazeti. Barabara ya juu imelala ubavu, na ule mtaa wa viatu unawaka moto. Mwezi wa pili mwishoni, baba yako akapokea barua pale bandarini. Imetoka kwa Mama Okada."

"Kumbe alipona."

"Ilipostiwa kabla. Aliiandika siku tano kabla ya tetemeko. Ndiyo imefika."

Raudha akahesabu siku kwa vidole.

"Mie niliwaandikia wenyeji wangu, mwezi wa nne wakajibu wazima. Nikamwambia baba yako, na wewe andika. Akawa ananiambia kesho. Siku moja nikambana. Akanijibu, nikiandika nisipojibiwa nitajua, nisipoandika sijui kitu. Basi, miaka ikaenda."

Raudha alirudi nyumbani na maneno hayo, na kwa siku mbili hakujua ayaweke wapi. Siku ya tatu alimfuata baba yake uani, akamwambia moja kwa moja kwamba ametoka kwa Ferdinand.

Mzee hakukasirika. Aliingia ndani, akakaa sana, akarudi na bahasha nyembamba yenye michirizi pembeni. Barua ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiingereza cha kuombea maji, herufi kubwa zilizoandikwa kwa uangalifu. Mama Okada aliuliza kama amefika salama. Akauliza kama mkewe ameshajifungua, na mtoto ni wa kike au wa kiume, maana anataka kumfumia kofia na hajui achague uzi gani. Akamalizia kwa kusema nyumba imekuwa na kimya kingi tangu aondoke.

Raudha aliisoma mara mbili. Yeye alizaliwa tarehe tatu ya mwezi uleule ilipoandikwa barua.

"Ningemwambia nini?" mzee aliuliza. "Nakuwa kama nampelekea barua maiti. Halafu ukishachelewa mwaka, unaona haya. Ukichelewa mitano, ndiyo kabisa."

"Kwa hiyo unakwenda Japani kufanya nini, baba?"

"Sijui. Nilidhani nikifika jirani nitapata moyo. Sasa kila nikiiona hiyo Kobe kwenye karatasi, naona bora uitoe."

Usiku huo Raudha alitafuta. Hakuitafuta tena bei ya kitanda. Asubuhi alimwambia baba yake kwamba katikati ya mji ule kuna bustani, na katika bustani kuna mnara, na chini ya mnara kuna chumba ambamo yameandikwa majina ya waliokufa kwa tetemeko. Mtu yeyote anaingia.

"Jina lake limeandikwa nyuma ya bahasha kwa herufi zao," alisema. "Utalinganisha."

Mzee Mwishehe aliuzunguka ua mara moja. Aliporudi alisema, "Iweke ya kwanza. Nikishuka tu kwenye ndege. Nisilale Osaka."

"Ukikuta jina?"

"Nikilikuta nitakuwa nimelikuta. Hizo siku nyingine nitatembea kama mtu."

Raudha aliandika ratiba ya saba, na hiyo ndiyo waliyoipeleka ubalozini. Viza ilitoka. Wiki ya pili ya Novemba mzee akaondoka na begi moja la mgongoni, tende, na kadi alizoandikiwa na binti yake kwa Kijapani: sili nguruwe, naomba maji, nimepotea.

Ikawa zamu ya Raudha kutotulia. Alikuwa ofisini Kurasini, malori yamepanga foleni nje yakipiga honi, mteja anamsemesha, naye anatazama simu iliyolazwa juu ya faili. Aliandika nambari ya kontena kimakosa mara mbili, bosi wake akamuuliza kama anaumwa. Kule saa zilikuwa mbele kwa sita. Saa nne asubuhi aliona kwamba kule ni saa kumi jioni, na kwa mujibu wa ratiba mzee alipaswa kuwa ameshafika bustanini tangu saa saba. Hakuwa ametuma neno. Bi Tabu alipiga kutoka nyumbani mara tatu kuuliza, na mara ya tatu alikuwa mkali, kana kwamba ni Raudha aliyemficha mumewe.

Saa tano kasoro simu ikaita. Raudha alitoka nje, akasimama kati ya malori mawili.

"Baba."

"Nipo." Sauti yake ilikuwa karibu sana. "Nimesoma yote. Ukuta mzima, mstari kwa mstari. Kuna mzee mmoja alikuwa kaja kuliona jina la mkewe, akanisaidia, tukaanza upya. Halimo."

Raudha alijikuta amecheka. "Sasa si habari njema hiyo? Hakufa."

Alisikia watu wakipita upande wa pili na mlio wa taa za kuvukia barabara.

"Baba?"

"Hakufa," mzee alisema. "Alikuwa anasubiri jibu, Rau. Alitoka kwenye moto, akakaa, akasubiri jibu langu."

Raudha alishika ubavu wa lori, bati likamchoma kwa jua, akautoa mkono.

"Lile basi la kesho la Hiroshima," mzee alisema, "siendi."

"Ile tiketi hairudishwi hela."

"Najua. Nitafutie pa kulala hapahapa. Siku zote zilizobaki."

Raudha alirudi mezani, na huku mteja anamsubiri, akafuta Hiroshima, akafuta Nagoya, akafuta Kyoto na miji mingine yote. Hela nyingine alirudishiwa, nyingine zilikwenda na maji. Akampata mwenye hosteli moja ya Kobe aliyekubali kumpa mzee kitanda cha chini kwa siku kumi na mbili, kwa bei ya chini zaidi ya ile ya ratiba. Alipomaliza aligundua hajanywa hata maji tangu asubuhi.

Kilichofuata alikipata vipande vipande, jioni za kule na mchana wa huku. Mtaa wa viatu ulikuwa umejengwa upya, hakuna nyumba ya mbao. Mzee alizunguka na ile bahasha akionyesha kila aliyesimama. Wengine waliinamisha kichwa kuomba radhi wakapita. Siku ya tano, mwanamke muuza chai alimpeleka kwenye karakana ya viatu mtaa wa nyuma, na humo alikuwamo fundi wa miaka sabini, jina lake Hisao. Alipoiona bahasha akazima mashine. Alikuwa mpwa wa Mama Okada.

Shangazi yake aliokolewa na majirani, Hisao alisema kwa kupitia simu inayotafsiri. Nyumba iliteketea na kila kilichokuwamo, pamoja na anwani zote. Akahamia kwa huyo Hisao, akafa mwaka 2009 kwa maradhi ya uzee. Katika miaka ya mwanzo alimwomba mpwa wake mara mbili aandike barua kwenye bandari ya Dar es Salaam, kumuulizia Mwafrika mmoja ambaye huenda anadhani yeye amekufa. Hisao alimwitikia. Alikuwa na karakana ya kuinua kutoka kwenye majivu, akawa anasema wiki ijayo. Hakuandika.

"Aliniambia hayo akiwa ameinama," mzee alimsimulia Raudha. "Hakutaka kunyanyua uso. Mie nikamwambia, bwana, nyanyua uso, mie ndiye niliyekuwa na anwani."

Siku iliyofuata Hisao alifunga karakana, wakapanda pamoja kwenye makaburi ya mlimani. Walimimina maji juu ya jiwe, wakalisugua kwa brashi, na mzee akasimama pembeni akasoma dua aliyoijua.

Alirudi Dar bila picha hata moja ya hekalu. Bi Tabu hakufurahi, maana alishawaahidi majirani. Alimuuliza mumewe siku zote kumi na nne alikuwa anafanya nini kwenye mji mmoja.

"Nilikuwa kwa fundi," Mwishehe alisema. "Nilikuwa namsaidia kupaka gundi. Mikono yake inatetemeka siku hizi, na hataki kuajiri mtu."

Alikula chakula chake mpaka mwisho bila kunyanyuka. Kisha akainuka, akatoka uani, akaanza kuzunguka, na Raudha, aliyekuwa akiosha vyombo, alimsikia akinong'ona jambo, akirudia na kurudia. Alisogea mlangoni asikilize. Baba yake alikuwa anajifunza kuhesabu kwa Kijapani, kama Hisao anavyohesabu jozi za viatu.